Ukurasa wa Dharmada: Historia Fupi ya Kuchanga Pamoja

Ipo methali ya pwani ambayo kila mtoto wa Kihindu aliyekulia huku ameisikia kabla hajajua kusoma: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Banyani ndiye sisi. Ndilo jina ambalo majirani waliwapa wafanyabiashara wa Kihindu waliovuka bahari kutoka Kutch na Kathiawar, na methali inasema kwamba mtu huyo hapendezi, ila kitu chake hufaa. Wazee wetu waliipokea kwa tabasamu la upande mmoja. Hatukusudii hapa kuitetea wala kuishitaki. Tunaitaja kwa sababu inaeleza kwa usahihi kile jirani alichokiona: aliona duka, mizani, daftari la madeni, na mtu asiyechoka kuhesabu. Asichokiona ni ukurasa mmoja ndani ya daftari hilo, na katika jarida hili la kumbukumbu ya hekalu letu tumeona vyema tuandike juu ya ukurasa huo.

Daftari lenyewe huitwa chopda. Hadi leo, usiku wa Diwali, wafanyabiashara wetu huleta madaftari mapya hekaluni, Ganesha, Lakshmi na Saraswati wakaombwa baraka, na ukurasa wa kwanza ukatiwa alama nyekundu kabla ya tarakimu yoyote kuandikwa. Vijana wengi sasa huleta kompyuta badala ya daftari, na kuhani huitia kompyuta alama vilevile. Katika chopda za zamani, miongoni mwa hesabu za wadai na wadaiwa, palikuwa na hesabu moja isiyokuwa na jina la mtu. Juu yake paliandikwa dharmada, yaani kile kilichotolewa kwa ajili ya dharma. Katika kila biashara ya nafaka, pamba au siagi, sehemu ndogo sana ya thamani ilitengwa na kuandikwa hapo. Mwenye duka aliishika fedha hiyo lakini hakuwa mwenyewe wake. Jambo hilo halikuwa hisia za ucha Mungu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba dharmada anayoipokea mfanyabiashara kutoka kwa wateja wake si pato lake la kutozwa kodi, kwa kuwa tangu inapoingia mkononi mwake imekwishafungwa na kusudi la hisani.

Fedha ya kurasa nyingi za namna hiyo ilikwenda wapi? Ilikwenda kwa mahajani. Neno hilo kwa asili lina maana ya watu wakubwa, na katika miji ya Gujarat likawa jina la umoja wa wafanyabiashara wa bidhaa moja au wa mji mzima. Mahajani walipatanisha waliogombana, walipanga siku za kufunga maduka, na walisimamia mfuko. Mfuko huo ulijenga nyumba za wasafiri ziitwazo dharmashala, uliweka mitungi ya maji njiani wakati wa kiangazi, ulisimamisha minara ya kuwalishia ndege, na ulitunza panjrapole, yaani mazizi ya ng'ombe wazee na wanyama wagonjwa ambao hakuna aliyewataka tena. Hakuna bamba la jina la mtu mmoja lililoweza kubandikwa kwenye kazi hizo kwa haki, maana zilikuwa za kila aliyeuza gunia.

Nguvu ya mtindo huu ilionekana Ahmedabad mwaka 1725. Majeshi ya Maratha yalikuwa yameuzingira mji, na uporaji ulikuwa karibu. Tajiri mmoja, Khushalchand wa ukoo wa Shantidas Jhaveri, aliwalipa fedha nyingi kutoka mfukoni mwake, wakaondoka. Wafanyabiashara wa mji hawakumjengea sanamu. Walikubaliana kumtolea yeye na kizazi chake robo ya rupia katika kila rupia 100 za bidhaa zilizopigwa muhuri mjini. Mtu mmoja alikuwa ametoa kwa mkupuo; wengi walimrudishia kwa chembechembe. Sisi tunaona kwamba kisa hiki kinaeleza vizuri kuliko maelezo mengi ya kitaalamu tofauti kati ya zawadi ya tajiri na mfuko wa wengi, ingawa pia kinaonyesha kwamba moja huhitaji nyingine, kwani wenye robo rupia wasingeweza kuwahi.

Mtindo huo ulivuka bahari pamoja na watu wake. Wabhatia wa Kutch walikuwa wamekwisha kuwa na nguvu Unguja katika karne ya 19. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa forodha wa Masultani kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Baadaye reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Nyanza, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na nyuma yao wakaja wenye maduka. Kila jumuiya iliunda mahajani wake: Walohana wao, Wapatel wao, Wabhatia wao, Waoshwal ambao ni Wajaini wao, kila mmoja na ukumbi wake, vyombo vyake vya karamu na mfuko wake. Mgeni aliyeshuka meli bila senti alipata pa kulala. Mjane hakulala njaa. Maiti haikukosa kuni.

Lakini huu ulikuwa mduara wenye mlango mmoja, na mlango ulifunguka kwa ndani. Mpagazi aliyebeba magunia ya duka alichangia dharmada bila kujua, kwa maana jasho lake lilikuwa ndani ya bei ya kila gunia. Hakuwa na sauti katika matumizi yake, na mara nyingi hakufaidika nayo. Jirani aliyesikia kwamba kule Gujarat ng'ombe mzee ana nyumba ya kupumzikia alikuwa na haki ya kuuliza ni lini zamu ya mpagazi mzee itafika. Swali hilo ndilo kiini cha makala hii. Historia ya kuchanga pamoja, tunavyoiona sisi, ni historia ya kupanua mduara huo, na haikupanuka kwa urahisi.

Upanuzi wa kwanza ulitoka jikoni. Mwaka 1886 wafuasi wa Arya Samaj walifungua shule mjini Lahore, iliyokuja kuwa chuo maarufu cha DAV. Hawakuwa na maharaja wa kuwalipia. Miongoni mwa mifuko waliyobuni mmoja uliitwa mfuko wa atta, yaani mfuko wa unga. Katika kila nyumba iliyokubali paliwekwa chungu, na kila mwanamke alipokuwa akikanda unga wa chapati za siku hiyo alitia konzi moja ndani ya chungu. Mkusanyaji alipita kuchukua. Palikuwa pia na mfuko wa karatasi chakavu, ambazo ziliokotwa na kuuzwa. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba, tukumbuke, ni kipimo cha nafaka. Wanawake wa Punjab wangeielewa methali hiyo bila mkalimani.

Tunalitaja jambo hili si kwa sababu ya wingi wa unga. Mahajani walikuwa wanaume wenye maduka. Mke hakuwa na ukurasa katika chopda. Kwa chungu cha unga, mtu asiyekuwa na fedha wala idhini ya kugusa fedha aliweza kuwa mchangiaji wa chuo. Wapunjabi wengi waliokuja Kenya wakati wa reli na baada yake walikuwa wametoka katika mazingira hayo. Arya Samaj ya Nairobi iliundwa mwaka 1903, mji ukiwa bado mahema na mabati, na mwaka 1910 ilikuwa imekwisha kuanzisha shule ya wasichana.

Upanuzi wa pili ulikuwa wa hesabu, nao ulitokea Natal, kusini mwa Afrika. Mwaka 1893 kijana mmoja wakili, Mohandas Gandhi, alisafiri kutoka Bombay kwenda Durban. Meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Kule Lamu nusura aachwe kwa kukawia kurudi melini. Mwaka uliofuata, 1894, Wahindi wa Natal waliunda chama chao, Natal Indian Congress, na Gandhi akawa katibu. Wengi hukikumbuka kwa siasa. Sisi tunapendekeza kisomwe pia kama somo la kuchanga, kwa sababu katika kitabu cha maisha yake Gandhi ameeleza kwa kina, pengine kwa kina kuliko siasa zenyewe, jinsi fedha ilivyopatikana na jinsi ilivyotunzwa.

Ada ya chini ilikuwa shilingi 5 kwa mwezi. Wenye uwezo waliombwa zaidi. Mwajiri wake Abdulla Sheth alijiandikisha kwa pauni 2, na Gandhi mwenyewe kwa pauni 1, ambayo kwake haikuwa kidogo. Katika muda wa mwezi mmoja wanachama walifika kama 300, Wahindu kwa Waislamu kwa Waparsi na Wakristo. Kisha likatokea lile ambalo kila mweka hazina wa chama chochote atalitambua. Wanachama walikuwa na ari, lakini kila mwezi ilibidi wafuatwe nyumbani, hasa waliokaa nje ya Durban. Ada ya mwezi ikabadilishwa kuwa ya mwaka, isiyopungua pauni 3, na wakusanyaji wakazunguka miji midogo.

Kule Tongaat walifika kwa mwenyeji waliyemtarajia atoe pauni 6. Akasema hatatoa zaidi ya 3. Wangekubali, kila aliyefuata angetoa nusu. Usiku ulikuwa mwingi na wageni wana njaa, lakini waliona hawawezi kula kwake kabla shughuli haijaisha. Wakakaa. Wafanyabiashara wengine wa mji wakaja kumsihi. Usiku wote ukapita hivyo, mwenyeji hatikisiki na wageni hawanyanyuki, hadi alfajiri alipotoa pauni 6 na kuwaandalia karamu. Habari zilienea pwani yote ya kaskazini na hadi bara. Tukiri kwamba kisa hiki hutuchekesha na kututia wasiwasi kwa pamoja. Mtu aliyekaliwa usiku kucha sebuleni mwake ametoa, au ametolewa? Sura ya 17 ya Bhagavad Gita hutofautisha utoaji wa aina 3, na ule unaotolewa kwa shingo upande haumo katika aina ya kwanza.

Jambo ambalo halina utata ni risiti. Gandhi alisisitiza kila mchango, hata uwe mdogo namna gani, utolewe risiti, na kila matumizi yaandikwe. Aliamini kwamba chama kisichotunza hesabu safi kitapoteza ukweli na sifa. Miaka mingi baadaye aliandika kwa fahari kwamba hesabu za mwaka 1894 bado zingeweza kupatikana zikiwa kamili. Hapa chopda ya duka ilipata tabia mpya: ikawa daftari ambalo mchangiaji yeyote anaweza kuliomba. Mwenye duka wa kale aliaminiwa kwa ukoo wake. Mweka hazina wa Natal aliaminiwa kwa karatasi.

Gandhi alikwenda mbali zaidi akafikia msimamo ambao sisi hatuukubali wote. Chama kilipopata majengo ya kukodisha na pato la kudumu, kilizaa ugomvi uliofika mahakamani. Kutokana na hayo aliona kwamba taasisi ya umma haifai kuwa na mfuko wa kudumu, bali iishi kwa michango ya kila mwaka, kwa sababu mwaka ambao watu hawachangi ni mwaka ambao wameacha kuiamini, na taasisi yenye kodi za nyumba haitalisikia onyo hilo. Pwani yetu, yenye mapokeo marefu ya wakfu, ina jibu la kumpa. Paa la hekalu halingoji mkutano mkuu livuje. Zahanati haiwezi kumwambia mgonjwa arudi baada ya mavuno. Hata hivyo tumeona, hapa na kwingineko, wadhamini waliojifungia na hati za majengo huku wanachama wakiwa hawajui hata kiasi cha kodi, na hapo hoja ya Gandhi hupata nguvu.

Upanuzi wa tatu ndio mkubwa: nani asaidiwe. Mwaka 1897, na tena 1899, India ilipokumbwa na njaa, Wahindi wa Natal walichanga na kupeleka fedha, na hata vibarua wa mikataba, waliokuwa na kidogo kuliko wote, walitoa sehemu yao. Ilikuwa sadaka njema, lakini ilikwenda kwao, ng'ambo. Hali ilikuwa hiyohiyo Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Fedha ilichangwa Mwanza au Kisumu, ikajenga shule katika kijiji cha Gujarat ambacho mchangiaji alikiacha akiwa mtoto.

Kisha Gandhi aliuawa, tarehe 30 Januari 1948. Wahindi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walitaka kumjengea kumbukumbu, na hoja iliyoshinda ilikuwa ya chuo. Liliundwa shirika la Gandhi Memorial Academy, na michango ikatoka kwa wenye maduka katika nchi zote nne. Wakati huohuo serikali za kikoloni zilikuwa na mpango wa chuo cha ufundi mjini Nairobi, Royal Technical College. Ingewezekana kujenga viwili, kimoja cha Wahindi. Badala yake, mwaka 1954 mipango hiyo miwili iliunganishwa: fedha ya maduka iliingia katika chuo kilichokuwa wazi kwa vijana wa rangi zote. Katika Kenya ya wakati ule, ambapo shule, hospitali na hata vyoo vya stesheni viligawanywa kwa rangi, hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka 1956 wanafunzi wa kwanza waliingia, na mwaka huohuo Sarvepalli Radhakrishnan, Makamu wa Rais wa India, alifunua sanamu ya Gandhi iliyosimama pale. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970.

Tunalitazama tukio hilo kama siku ambayo ukurasa wa dharmada ulifunguliwa mbele ya jirani. Hospitali zilikwenda njia hiyohiyo. Ile ya Hindu Mandal, Dar es Salaam, inapokea wagonjwa wa kila dini. Nairobi, watu husema wanakwenda M.P. Shah, kwa jina la mfadhili mkubwa Meghji Pethraj Shah, na wachache hukumbuka kwamba nyuma ya jina hilo kuna chama, Social Service League, cha watu wengi. Ndivyo ilivyo kwa mawe ya majengo: yana nafasi ya jina moja.

Ingekuwa makosa kusimulia kana kwamba jirani alikuwa akingoja tu kufunguliwa. Alikuwa na miduara yake, na mingine ilikuwa imara kuliko yetu. Wanawake wa Mombasa katika vyama vya lelemama walichanga kwa ajili ya ngoma na karamu, na mwenzao alipofiwa au kuoza walisimama naye. Katika Dar es Salaam ya kabla ya uhuru, watu waliotoka mikoani waliunda vyama vya kuzikana, ili mtu asife mjini kama asiye na kwao. Upatu tunaujua sote. Wake zetu na majirani wa mtaa huu wamekuwa wakiucheza pamoja tangu zamani, bila kungoja kamati za wanaume. Katika upatu fedha humzunguka kila mmoja na kumrudia. Vikundi vya VICOBA, vilivyochipuka kutoka katika mfano ulioanzishwa nchini Niger mwaka 1991, vina hisa na mikopo, lakini vina pia kisanduku cha pembeni kiitwacho mfuko wa jamii, na fedha inayoingia humo kwa ajili ya ugonjwa na msiba haigawanywi pamoja na faida. Tunathubutu kusema kwamba huo ni ukurasa wa dharmada kwa jina lingine.

Jomo Kenyatta alipolifanya harambee kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, aliita nguvu ambayo tayari ilikuwapo. Wapo wenzetu wanaopenda kusema kwamba neno hilo limetoka kwa vibarua wa reli waliokuwa wakimwita mungu wetu Ambe. Tungependa iwe kweli, lakini hatujauona ushahidi; harambee ni mwito wa kazi wa watu wa pwani, wa kuvuta na kuinua kwa pamoja, na hauhitaji nasaba ya kigeni. Matunda yake yalikuwa makubwa: katikati ya miaka ya 1970, shule za sekondari za harambee nchini Kenya zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Hatari zake nazo zilionekana. Majina na viwango vilitangazwa kwa kipaza sauti. Wanasiasa walikuja na bahasha nono mbele ya uchaguzi, na wanakijiji walidaiwa mchango kama kodi. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwazuia kutumia vyeo vyao kukusanya fedha za harambee. Tanzania nayo, Januari 2018, Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni. Mwenyeji wa Tongaat angeelewa.

Katika miaka ya karibuni kumetokea mtindo ambao nchini Marekani umepata jina la miduara ya utoaji. Cincinnati, mwaka 2001, Wendy Steele alianzisha Impact 100: wanawake 100, kila mmoja dola 1,000, jumla dola 100,000, ambazo hazigawanywi vipandevipande bali hupewa shirika moja la eneo hilo kwa kura, kura moja kwa kila mmoja. Mwaka 2006, katika mji mdogo wa Jackson, Michigan, Karen Dunigan alipunguza kiwango hadi dola 100 na muda hadi saa moja. Wanachama hupendekeza mashirika, matatu huchaguliwa kwa bahati nasibu, kila moja hutetewa kwa dakika chache, kura hupigwa, na kila mtu huandikia hundi shirika lililoshinda, hata kama hakulipigia. Mtindo huo wa saa moja umeenea katika miji mingi.

Kwa msomaji wa chopda, upya wa jambo hili hauko katika kuchanga. Uko katika kura. Mahajani waliamua kwa niaba ya wachangiaji. Harambee mara nyingi iliamuliwa na mgeni rasmi. Hapa aliyeshindwa katika kura hutoa sawa na aliyeshinda, na nidhamu hiyo si ndogo. Udhaifu wake pia uko palepale. Katika dakika chache hushinda mwenye ulimi mtamu, au picha ya mtoto anayelia. Choo cha shule hakina picha nzuri. Wagonjwa wa akili hawana msemaji. Ndiyo maana miduara iliyokomaa hutanguliza kamati ndogo inayokwenda kuona kwa macho, na hurudi baada ya mwaka kuuliza fedha ilifanya nini.

Tumeyaandika haya yote kwa sababu lipo pendekezo mbele yetu. Katika mwaka huu wa kumbukumbu baadhi ya waumini, wakiongozwa na akina mama, wameomba hekalu lianzishe mduara wa aina hiyo kwa ajili ya vituo vya kusaidia watu vilivyo katika mitaa inayotuzunguka. Hesabu yao ni nyepesi: watu 100, kila mmoja shilingi 10,000, mara moja kila robo ya mwaka, ni milioni moja kila mara. Yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi anajua kwamba kiasi hicho kinakusanyika. Tumekusanya zaidi ya hapo kwa ajili ya maua na muziki. Juu ya fedha hakuna aliyebisha.

Kilichozua mjadala, na mjadala umekuwa mkali, ni kura. Je, jirani asiye Mhindu akitoa 10,000 yake, atapiga kura? Wanaopinga wana hoja ambazo hatuzipuuzi. Wanasema mfuko wa hekalu ni amana mbele ya mungu wa hekalu, na kwamba fedha ya sadaka haipaswi kuamuliwa na asiyekuja kwenye arati. Wanaogopa pia kwamba kura zitafuata dini, na jambo lililokusudiwa kutuunganisha litatuhesabu. Wanaounga mkono wanajibu kwamba mduara hautagusa sanduku la hekalu hata kidogo. Utakuwa na akaunti yake, na hekalu litatoa ukumbi na chai tu. Wanauliza pia ni nani anayejua zaidi hali ya zahanati ya mtaa: sisi tunaopita nje yake kwa gari, au mama anayepanga foleni pale tangu saa 11 alfajiri.

Sisi tunaoandika makala hii tuko upande wa kura. Hatudai kwamba historia inatulazimisha. Wazee waliounganisha chuo chao na cha watu wote mwaka 1954 wangeweza kukataa, na pengine wasingelaumiwa. Lakini mpagazi wa zamani alichangia bila kujua na bila kuulizwa, na hatuoni namna ya kumwambia mjukuu wake, anayechangia leo kwa kujua, kwamba naye asiulizwe.

Hadi jarida hili linapokwenda mitamboni, suala hilo halijaamuliwa. Litaletwa katika mkutano wa pamoja wa waumini na majirani, ukumbini, baada ya arati ya jioni, kwa tarehe itakayobandikwa mlangoni. Mambo matatu yamekwisha kukubaliwa bila ubishi: kila mchango utatolewa risiti, majina na viwango havitasomwa kwa sauti wala kuchongwa ukutani, na daftari la mduara litawekwa juu ya meza iliyo karibu na rafu za viatu, likiwa limeandikwa kwa Kiswahili.